Kumsindikiza mjane hadi Prayagraj: majivu, mashua na tarehe

*Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nipo Mwanza. Mama mmoja wa Kihindi, mjane wa mzee aliyenifundisha biashara ya vitambaa, ameniomba nimsindikize India Januari ijayo kupeleka majivu ya mumewe Prayagraj, pale mito miwili inapokutana. Hawakujaliwa watoto. Yeye ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Mimi ni Mkristo na sijawahi kufika India. Je, nitaruhusiwa kuingia? Nitalazimika kuoga mtoni? Nimesikia pia kwamba huko watu hukanyagana hadi kufa, na kwamba matapeli ni wengi. Nianzie wapi?*

Dada yangu, pole kwa msiba. Anza na kalenda, kabla hata ya viza na tiketi.

Wageni wengi huenda Prayagraj wakidhani wanaenda kwenye hekalu fulani kubwa, lenye lango na saa za kufungua. Mahekalu yapo, lakini kinachowapeleka mahujaji huko ni Sangam, yaani mahali ambapo mto Ganga unaungana na mto Yamuna, pamoja na Saraswati ambao Wahindu huamini unapita bila kuonekana. Hapo hapana lango, na penyewe hapatulii. Mvua za Julai hadi Septemba hujaza mito mpaka maji yakaingia kwenye hekalu la mungu Hanuman aliyelala, lililo karibu na ngome, na sanamu ikafunikwa. Maji yakishuka, hubaki uwanda mpana wa mchanga. Juu ya mchanga huo kila mwaka hujengwa mji wa mahema, wenye barabara za mabamba ya chuma na madaraja ya kuelea, kisha hung'olewa wote kabla mvua hazijarudi. Kwa hiyo tarehe mtakayofika ndiyo itakayoamua kama gari litawashusha karibu na maji au mtatembea kilomita kadhaa, na kama chumba cha hoteli kitakuwa cha bei ya kawaida au la. Kwa mama mwenye magoti mabovu, hilo ni kubwa kuliko yote uliyoniuliza.

Januari ni msimu wa Magh Mela, mkusanyiko wa kila mwaka unaoendelea hadi Februari, na miaka mingine hadi mapema Machi. Kumbh Mela kubwa huja baada ya miaka 12, na ya mwisho ilikuwa 2025, kuanzia 13 Januari hadi 26 Februari. Serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ilisema waliofika walizidi milioni 660. Kumbh huzunguka pia Haridwar, Nashik na Ujjain, kwa hiyo usichanganye habari utakazozisikia za miji hiyo na za Prayagraj. Januari yenu itakuwa ya Magh Mela tu, yenye watu wachache zaidi, ingawa siku zake kubwa bado huvuta mamilioni.

Siku hizo kubwa za kuoga zinajulikana mapema. Makar Sankranti hufuata jua na huangukia 14 au 15 Januari. Nyingine hufuata mwezi, kama sisi tunavyoijua Ramadhani, ila Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi, ndiyo maana mwezi wao wa Magh hauzunguki mwaka mzima. Hapo kuna Paush Purnima, Basant Panchami, Maghi Purnima, na ile ya kuogopa: Mauni Amavasya, siku ya giza la mwezi.

Nasema ya kuogopa kwa sababu. Mwaka 1954 mamia ya watu walikufa kwa kukanyagana Prayag, ndiyo Prayagraj hiyohiyo. Februari 2013 zaidi ya watu 30 walikufa katika stesheni ya treni ya mji huohuo. Tarehe 29 Januari 2025, usiku kabla hakujapambazuka, watu wasiopungua 30 walikufa karibu na Sangam, kwa hesabu rasmi. Maafa yote matatu yalitokea siku ya Mauni Amavasya. Sangam yenyewe haiui watu. Hatari ni saa chache ambazo kila mtu anataka kuwa kwenye ncha moja ya mchanga kwa wakati mmoja, na halafu wote wanataka treni moja ya kurudi. Basi tafuta tarehe ya Mauni Amavasya ya mwaka huo, ondoa siku mbili kabla yake na mbili baada yake, fanya vivyo hivyo kwa Makar Sankranti, na chagua siku ya katikati ya juma kati ya zilizobaki. Majivu hayasubiri sikukuu. Kama mama atasema anataka siku kubwa kwa ajili ya baraka, mbembeleze. Kama hana shida na kusogeza safari, mimi ningewapeleka mela ikishakwisha, mwishoni mwa Februari au Machi kutegemea mwaka: mto umetulia, baridi imepungua, na joto la Mei, linalopita nyuzi 40, bado liko mbali.

Mkishikilia Januari, mwambie abebe koti zito. Watu wa Mwanza hawaijui baridi ya bonde la Ganga. Alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu ni mzito kiasi cha kuchelewesha treni kwa saa nyingi na kufuta ndege. Usipange kuunganisha safari siku hiyohiyo.

Jambo dogo linalowapoteza watu ni jina. Mji huu uliitwa Allahabad mpaka 2018, na Mahakama Kuu yake na chuo kikuu chake bado vinatumia jina la zamani, kama wafanyavyo wazee wengi. Zaidi ya hapo, kule milimani Uttarakhand kuna miji mitano yenye neno prayag katika majina yao: Devprayag, Rudraprayag, Karnaprayag, Nandaprayag na Vishnuprayag. Yote iko kwenye makutano ya mito, yote ni mitakatifu, na yote iko mamia ya kilomita kutoka mnakokwenda. Kwenye tiketi ya treni tafuta Prayagraj Junction, herufi PRYJ. Stesheni nyingine za mjini, kama Chheoki iliyo ng'ambo ya Yamuna, zinafaa pia, mradi dereva wenu ajue mapema ni ipi.

Kuhusu karatasi, viza ya utalii ya India huombwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe. Tovuti za madalali zinafanana nayo sana na hutoza mara kadhaa zaidi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wahindi ni wakali hapo kwa msafiri atokaye au anayepitia nchi zilizo kwenye orodha yao, Kenya, Uganda na Ethiopia zikiwemo, kwa hiyo hata tiketi inayopitia Nairobi au Addis Ababa inaweza kuwaingiza katika sharti hilo. Chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Majivu nayo yana taratibu zake. Bebeni cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa maiti, asilia pamoja na nakala, na pasipoti ya marehemu kama ipo. Waulizeni shirika la ndege na ubalozi wa India mapema kama wanataka barua ya ziada. Chombo kifungwe vizuri, na kisiwe cha chuma, kwa kuwa mashine ya ukaguzi haioni ndani ya chuma na hamtapenda mtu akiomba kukifungua mbele ya mjane. Mti au plastiki ngumu inafaa, ndani ya kitambaa chekundu au cheupe kama mila yao inavyotaka. Mkibebe mkononi. Mzigo wa kupakiwa chini hupotea.

Kutoka Mumbai zipo ndege za kwenda Prayagraj, na kwa magoti ya mama, lipeni ndege. Kutoka Delhi treni ni nzuri zaidi: Prayagraj Express hulala njiani usiku mmoja, na Vande Bharat iendayo Varanasi hupita hapo baada ya saa sita hivi. Tiketi za treni za India hufunguliwa siku 60 kabla, na za Januari huisha upesi. Ukiona herufi WL kwenye tiketi, hiyo ni foleni ya kungojea, hamna kiti. Kuna wageni wanaofika stesheni na tiketi ya WL wakidhani wamelipia kitanda, kisha wanabishana na mkaguzi saa nne za usiku.

Sasa mtoni penyewe.

Usimpitishe mama kwenye mchanga. Mchanga unachosha hata mwenye miguu mizima, na kiti cha magurudumu hakiendi. Pandeni mashua kwenye ngazi za mawe, ziitwazo ghat, ama Saraswati Ghat, ama Kila Ghat iliyo chini ya ukuta wa ngome aliyojenga mfalme Akbar mwaka 1583. Mtateremka taratibu, mpiga makasia atampa mkono, na mtakwenda kwa maji mpaka penyewe, nusu saa hivi. Wenye mashua wengi ni wa jamii ya Nishad, ambao hujiona kizazi cha yule mvushaji aliyemvusha mungu Rama mto Ganga katika hadithi za kale. Ni watu wa maneno na wa kazi. Bei rasmi huwa imebandikwa ghatini. Soma kibao kwanza, halafu zungumza. Mpatane kwa mashua nzima, kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kungoja ibada iishe, na mlipe mkisharudi. Mtu akikuambia "lipa unachotaka," usipande. Vaeni maboya, hata kama mama atacheka.

Mtaujua mpaka wa mito kwa macho. Yamuna ni wa kijani, wenye kina, unaokwenda polepole; Ganga ni wa rangi ya udongo, mwepesi na mfupi wa kina, na kwenye mstari wa kukutana mashua huanza kuyumba kidogo. Wakati wa baridi ndege weupe wahamao kutoka kaskazini hujaa juu ya maji, na watoto kwenye mitumbwi huuza pakiti za dengu za kukaanga ili muwarushie. Katikati hapo mtakuta mashua zimefungwa pamoja kwa kamba, na kati yake mbao zimeteremshwa chini ya maji kama sakafu. Anayetaka kuoga hushuka hapo, akashikilia kamba, akazama mara tatu. Sakafu hiyo huteleza. Mama akitaka kushuka, ashuke na mtu kila upande.

Kwenye mashua hizo ndipo wanapokaa makuhani, na hapa nenda polepole, kwa sababu swali lako la matapeli linaishia hapa. Makuhani wa kurithi wa Prayag huitwa panda, au Prayagwal. Ufukweni kila mmoja ana bendera yake yenye alama, samaki, ndovu, mtungi, ili mahujaji wa mkoa fulani wamtambue toka mbali. Wengi wao ni waaminifu na wana kitu ambacho hakipo kwingine: madaftari marefu ya ukoo, yameandikwa kwa mkono vizazi kwa vizazi. Mama akijua kijiji cha Gujarat ambako babu wa mumewe alitoka kabla ya kuvuka bahari kuja Afrika Mashariki, na ukoo wao, inawezekana panda wa eneo hilo akamfungulia ukurasa wenye jina la babu huyo aliyekuja kuoga. Kisha ataandika jina la mzee wenu chini yake. Mwambie atafute habari hizo kwa ndugu zake kabla ya safari, na aziandike: kijiji, wilaya, ukoo, majina ya wanaume wa vizazi vitatu. Zikiwepo, ndugu wa Gujarat wataweza kumtafuta panda wenu kwa simu.

Mnaokumbana nao bila miadi ndio wa kuangaliwa. Namna yao moja inarudiwa kila siku. Kuhani anampa mjane maji na maua kwenye kiganja, anamwambia arudie maneno ya Kisanskriti nyuma yake, neno kwa neno, kwa haraka, na katikati ya dua linaingia neno la kiasi: kwamba ninatoa rupia elfu kadhaa. Ameshatamka mbele ya Ganga na ya marehemu wake, atakataaje? Dawa yake ni kupatana mkiwa bado nchi kavu, kiasi chote, kikiwemo cha maua, maziwa, nazi na sadaka, na umwambie kuhani mbele ya mwenye mashua kwamba katika nadhiri hakuna namba itakayotajwa. Wewe ndiye uwe mwenye kushika pesa. Mjane hawezi kubishana akiwa na majivu mapajani, wewe unaweza. Na usishtuke ukiona nazi iliyotupwa inaokotwa na vijana mita chache mbele ikauzwa tena. Hiyo ni kazi ya pale, wala hakuna anayeificha.

Jingine ni kuhusu mtoto wa kiume. Kwa desturi mwana ndiye huyatia majivu majini, na wapo makuhani watakaouliza mwanamume yuko wapi. Siku hizi wajane na mabinti hufanya wenyewe, na wapo makuhani wanaoona sawa. Hilo nalo liulizeni kwa simu, msije mkalikuta katikati ya mto. Kama kuna mpwa Gujarat anayeweza kuja, mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Tendo lenyewe ni fupi. Dua, maua, maziwa kidogo, kisha majivu yanamiminwa taratibu upande mkondo unakoelekea, chombo kikiwa karibu na maji ili upepo usiyarudishe mashuani. Kaa upande wa upepo unakotoka, na umshike kiuno anapoinama. Majivu ya Gandhi yalitiwa hapohapo tarehe 12 Februari 1948, mbele ya umati mkubwa. Sehemu nyingine yaliletwa kwetu huku, yakatiwa Jinja, pale Nile inapotoka katika ziwa hilohilo mnaloliona kila siku Mwanza. Nakutajia hilo kwa sababu moja: iwapo daktari atamkatalia mama safari, haitakuwa jambo geni wala la aibu kuyatia majivu ziwani au baharini. Zungumza naye kabla ya kununua tiketi, apate kuchagua bila kuona amenyimwa.

Sasa Ukristo wako. Kwenye mto hakuna anayeuliza dini. Utaruhusiwa kila mahali ambapo mama atakuwa, na hakuna atakayekulazimisha kuoga, kupakwa alama kwenye paji la uso wala kurudia dua. Ukipewa maua uyarushe na hutaki, mpe mama. Utabaki umekaa na heshima yako. Wengine huona kuosha uso si kitu, wengine huona ni kuabudu, na hilo limalize na mchungaji wako kabla hujaondoka. Maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza: usioge kwa ajili ya picha. Na simu yako isielekee kwa wanawake wanaobadili nguo zilizolowa, hata kama wanaume wa pale wanapiga. Vua viatu pale wengine wanapovua, toa na pokea kwa mkono wa kulia, na msahau nyama, mayai na bia mkiwa eneo la mto.

Maji yenyewe msiyanywe. Mama huenda akataka kulamba tone moja, na sitajifanya mtamzuia, lakini mwombe aishie hapo. Februari 2025, wakati wa Kumbh, bodi kuu ya India inayosimamia uchafuzi iliripoti kwamba vimelea vya kinyesi kwenye maji ya Prayagraj vilipita kiwango kinachokubalika kwa kuoga; serikali ya jimbo ilibisha. Mwenye kidonda, kisukari au ujauzito asishuke. Maji ya kubeba nyumbani kwenye kichupa ni ya kuhifadhi kwa ibada, basi.

Siku tatu mjini zinatosha: moja ya kupumzika, moja ya mto, moja ya akiba kwa ukungu. Ile ya akiba ikibaki, mpeleke Akshayavat, mti wa banyan, jamii ya mkuyu, usiokufa kwa imani yao, ulio ndani ya ngome. Jeshi bado linaishi humo, na raia walianza kuruhusiwa kuufikia mwaka 2019, kwa hiyo bebeni pasipoti na mfiche kamera. Kwako wewe ningependa uone Khusro Bagh, bustani ya makaburi ya mwana wa mfalme Jahangir aliyemwasi baba yake, na pale nje ule mapera ya Allahabad, mekundu kwa nje, ambayo msimu wake ni huohuo wa baridi. Anand Bhavan, nyumba ya akina Nehru, ina ngazi. Mama angoje kivulini.

Mkipata majibu ya ubalozi na ya daktari, niandikie tarehe mnazofikiria, nizilinganishe na siku za kuoga za mwaka huo kabla hamjalipia chochote.